Si Mila Yenye Kuzuia Mama Zetu Kurudi ku Hospitali

Kuko neno moja lenye tumechoka kusikia. Kila mara kunapofanyika mukutano juu ya afya ya wamama, hapa Lubumbashi ao kule Likasi na Kipushi, mukubwa mumoja anasimama, anafungua makaratasi yake na kusema: wanawake wanapimwa shingo ya kizazi, wanaambiwa kama kuko kitu hakiko sawa, wanaombwa kurudi, na wengi hawarudi, ao wanarudi wakiwa wamechelewa sana. Sababu ni nini? Anajijibu mwenyewe: mila. Watu wanapiga makofi. Kisha chupa za sukre zinapita, na kila mutu anaenda kwake na roho nyeupe, kwa maana mwenye kosa amekwisha kujulikana. Ni babu zetu. Na babu zetu wamekufa, hawawezi kujibu.

Sisi kazi yetu ni kufundisha biolojia mu shule ya sekondari, na mu chama hiki tunakusanya mambo ya mila. Kwa hiyo neno hilo linatugusa pande mbili. Kama ni kweli mila ndiyo yenye kuua mama zetu, basi chama chetu kifunge mulango. Lakini si kweli. Ao tuseme, kuko ukweli kidogo ndani yake, wenye umefunikwa na uvivu mwingi wa kufikiri.

Kwanza tusikilizane juu ya kitu chenyewe. Shingo ya kizazi ni mulango wa chini wa kizazi, pale mutoto anapopitia. Kansere yake inaletwa na kirusi kinachoitwa papiloma, ambacho kinapita katika kulala pamoja. Munganga Mujerumani, Harald zur Hausen, ndiye alionyesha jambo hilo mu miaka ya 1980, na mu 2008 alipewa zawadi ya Nobel. Karibu kila mutu mwenye kulala na mwenzake anakutana na kirusi hicho siku moja ya maisha yake, na kwa walio wengi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka moja ao miwili. Kwa wengine kinabaki. Kinaanza kugeuza ngozi ya pale polepole, bila maumivu, bila damu, bila harufu, na inaweza kupita miaka 15 kufika 20 mbele ngozi hiyo igeuke kansere. Kwa mwanamuke ambaye nguvu za mwili zimepunguka, kwa mufano mwenye virusi vya SIDA asiyekunywa dawa, ni miaka 5 kufika 10.

Kupima ni kazi ndogo. Muuguzi anapakaa siki nyepesi pale, anangojea dakika moja, kisha anaangalia kama kunatokea alama nyeupe. Siki, ndugu zangu! Kitu cha jikoni. Na hiyo alama nyeupe siyo kansere. Hapa tunaomba musomaji asimame kidogo, kwa sababu makosa yote yenye kufuata yanaanzia hapa. Alama nyeupe ni mwito. Inasema: kuko ngozi yenye inaanza kwenda njia mubaya, muje tuitoe mbele haijafika. Wanaigandisha kwa baridi kali ya gazi, ao wanaichoma na joto, dakika chache tu. Kama alama ni kubwa ao imeingia ndani, wanakata kipande kidogo na waya ya umeme. Kizazi kinabaki pahali pake. Mwanamuke anarudi nyumbani siku ileile kwa miguu yake.

Kwa hiyo kati ya siku ya alama nyeupe na siku ya kaburi kuko miaka mingi. Na bado, kwa mwaka 2022 peke yake, Shirika la Afya Duniani linahesabu wanawake karibu 660 000 waliopata kansere hii na 350 000 waliokufa nayo, na karibu wote wa hao waliokufa ni wa inchi za kimasikini na za katikati. Shirika hilohilo, mu Novemba 2020, liliwekea inchi zote namba tatu za kufikia mbele ya mwaka 2030: wasichana 90 kwa 100 wapate chanjo mbele ya miaka 15, wanawake 70 kwa 100 wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na wale wenye kuonekana na ugonjwa, 90 kwa 100 watunzwe. Wakubwa wetu wanapenda sana namba ya pili, kwa sababu kupima kunaonekana: kuko hema, kuko kipaza sauti, kuko picha. Namba ya tatu haina hema. Mwanamuke amepimwa Jumamosi, alama imeonekana, anaambiwa arudi Alhamisi ya wiki yenye kufuata ku hospitali ingine. Ni kati ya Jumamosi na ile Alhamisi ndipo anapotea, na hakuna mutu mwenye kumufuata.

Sasa tuulize anapotelea wapi.

Anapotea kwanza ndani ya maneno. Musikilize vile tunamuambia: «Mama, uko na shida ya kizazi.» Mu Kiswahili yetu kizazi ni tumbo lenye kubeba mutoto, lakini kizazi ni tena uzao, ukoo, wale wa mbele na wale wa nyuma. Mama anayesikia kama kizazi chake kinagonjwa anasikia neno zito kuliko lile muuguzi alitaka kusema. Anarudi nyumbani, anamuambia dada yake, dada anamuambia shangazi, na jioni watu wamekaa kuuliza ni nani mu familia aliyekufa na kinyongo, ni mahari gani haikulipwa. Tumeona nyumba moja mu komini ya Katuba ambapo walitafuta mbuzi mbele ya kutafuta munganga. Wasomi wanacheka: «Ona, mila!» Hapana. Ile familia ilisikia Kiswahili vizuri. Ni aliyeongea ndiye hakufikiri neno lake lina matumbo mangapi.

Ao wanamuambia kwa Kifaransa kama yeye ni «pozitifu». Mu muji huu, tangu zaidi ya miaka thelathini, pozitifu ni kitu kimoja tu: SIDA. Mwanamuke anatoka pale na karatasi amekunja mara nane ndani ya kitambaa, na haimufikie mutu mwingine mpaka siku damu itamutoka. Na huyu tena munamuita mujinga?

Tuje sasa ku mila yenyewe. Wanasema kama mila zetu zinakataza mwanamuke kuongea sehemu zake za chini, kwa hiyo anaona haya, anachelewa. Mwenye kusema hivi hajui mila ya mutu yeyote. Kwa Wabemba wa pande zote mbili za Luapula, na kwa majirani wengi wenye wamejaa mu miji ya Katanga, kulikuwa na bado kuko mafundisho ya musichana anayevunja ungo, kisungu. Mwingereza Audrey Richards aliiangalia kwa Wabemba mu 1931, siku na siku, na mu 1956 akatoa kitabu kizima. Ndani ya nyumba ya kisungu, mwanamuke mwenye kuongoza, nachimbusa, anafundisha musichana na vinyago vya udongo, nyimbo na michezo, na mengi ya mafundisho yale ni juu ya mwili, ndoa na kuzaa. Na huyo nachimbusa mara nyingi ndiye mwenye kuzalisha pia. Waluba nao walikuwa na mafundisho yao ya wasichana. Sasa watu wenye kuwa na masomo ya namna hiyo, utasema wanakataza kuongea mwili wa mwanamuke?

Mila haikatazi kuongea. Mila inapanga nani anaongea na nani, mbele ya nani, na pahali gani. Mama haongei mambo hayo na binti yake. Bibi muzaa mama anaongea, tena kwa michezo, kwa sababu kati ya bibi na mujukuu kuko utani. Shangazi anaongea. Nachimbusa anaongea. Kijana mwanaume haongei, na zaidi ya wote mukwe haongei. Haya yetu ni sheria yenye milango, siyo ukuta.

Basi tuone namna hospitali zetu zinapita mu milango hiyo. Mu kituo kimoja cha afya cha muji huu, chenye hatutataja, tulikuwa tumesindikiza mama mumoja wa miaka hamsini na zaidi. Hana bwana tena. Mwenye feza mu familia ni bwana wa binti yake, kijana mwenye kazi ya kampuni, na ndiye alimuleta na motokari. Alikuwa amesimama pale kwa adabu, macho inje, vile mukwe anasimama. Muuguzi kijana, na kwa kweli hakuwa na roho mubaya, akatokea ku mulango na karatasi mukononi, akaita jina la yule mama, akasema kwa sauti alama imeonekana wapi, na atalala hapa, atafungua miguu vile, na munganga atafanya hivi. Mbele ya mukwe. Yule kijana alitoka mbio kama nyumba inawaka moto. Mama hakusema neno. Alipanga kitambaa chake kichwani, akapita mulango, na hakurudi pale tena. Wiki ngapi zilipita, miezi ngapi! Tulimubembeleza. Jibu lake lilikuwa moja tu: «Mi nitapita wapi na iyi sura?»

Mu makaratasi ya kituo kile, mama huyu ameandikwa kama mutu aliyepotea. Na mukutanoni atahesabiwa ku mila. Sisi tunasema: mila ilikuwa imesimama pale ku mulango kwa adabu yote, ikiangalia inje, na ni hospitali ndiyo iliitukana.

Kitu kingine kinaitwa ruhusa ya bwana. Hapo pia watu wanaonyesha kidole kijijini. Lakini tufungue vitabu. Ni kweli mwanaume wa zamani alikuwa na neno nyumbani. Lakini ugonjwa wa mwanamuke, hasa wa sehemu ile, ulikuwa kazi ya wanawake wenzake, na bwana aliambiwa mwisho, tena kwa mafumbo. Ni nani basi aliyemuweka bwana ku mulango wa hospitali? Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae mu kambi pamoja na wake zao, siyo tena kuja na kurudi. Mwanamuke akaandikwa ku jina la bwana. Posho ya chakula ilipita ku jina la bwana, nyumba ku jina la bwana, kupima mutoto na kutunzwa ku hospitali ya kampuni, vilevile. Mama zetu wengi walizaliwa na kuzaa mu utaratibu huo, na ulidumu mu Gécamines, miaka na miaka baada ya Uhuru. Hospitali ilikuwa nzuri, hatukatai. Lakini ilifundisha wanawake wa vizazi vitatu kama mwili wao unaingia ku hospitali na karatasi ya mutu mwingine.

Kisha sheria ikaja kuweka muhuri. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema kama mwanamuke mwenye ndoa lazima apate ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya sheria yenye kumufunga yeye mwenyewe. Sheria hiyo haikutoka kwa mababu. Wanaosoma sheria wanajua imefuata vitabu vya Ulaya. Ilisema matendo ya sheria, lakini ku maofisi na ku mahospitali watu waliitumia mpaka ku sindano. Imegeuzwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016: leo bwana na bibi wote wawili wanapashwa kusikilizana, hakuna tena mumoja mwenye kuomba na mwingine mwenye kutoa. Je, wauguzi wetu wangapi wamejua? Tunasikia hata sasa: «Mama, rudia bwana yako akuje kwanza.» Kisha, mama asiporudi, wanaandika: mila.

Na feza. Hapa hatutaongea sana, kwa sababu kila musomaji anajua. Mu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walitolewa mu Gécamines kwa njia yenye waliita kuondoka kwa mapenzi, na pamoja na kazi ikaenda karatasi ya hospitali ya nyumba nzima. Mwanamuke ambaye mama yake alitunzwa bila kulipa, yeye anaulizwa fishi, anaulizwa glavu, anaulizwa dawa. Mara nyingi siku ya kupima ni bure kwa sababu kuko hema. Siku ya kutunza siyo bure. Ni akili gani hiyo? Ni kama kumuita mutu ku meza, kumuonyesha sahani, kisha kumufunga mukono. Tena kila mutu mu muji huu anajua mugonjwa mumoja aliyepona na kufungiwa ku hospitali kwa sababu hajalipa, anaosha mashuka akingojea familia itafute feza. Mwanamuke mwenye watoto sita na meza ya samaki ku soko anahesabu. Akihesabu, anasema: «Haiume. Kama haiume, ni bugonjwa gani? Bataniomba feza juu ya kitu haiume?» Hiyo siyo ujinga. Ni hesabu ya mutu mwenye hakuambiwa kama kitu hiki kinaua wakati ambapo hakiumi, na kikianza kuuma bei imekwisha kupanda mpaka haifikiwe.

Tukuje ku bwana mwenyewe, kwa sababu hatutaki wanaume waseme tumewasahau. Mwanamuke akisha kutunzwa, anaambiwa asilale na bwana wiki nne, ili kidonda kipone. Na maji yatamutoka siku nyingi. Nani anamuambia bwana? Ni yeye mwenyewe, peke yake, usiku. Na bwana anauliza ulizo lenye tunalisikia kila pahali: «Ulitosha wapi iyi bugonjwa?» Wanawake wengi wanaogopa ulizo hilo kuliko kansere. Tuandike basi waziwazi, na wanaume wasome: kirusi hiki kinaweza kukaa ndani ya mutu miaka mingi bila kuonekana, mwanaume anakibeba bila kuwa na alama yoyote, kwa hiyo alama nyeupe haisemi nani alienda inje, wala lini, wala kama kuko mutu alienda. Mwenye kutaka kutumia siki kupima uaminifu wa bibi yake anatafuta kitu chenye siki haina. Tena, kama kuko mutu ameleta kirusi mu nyumba, hesabu ya wenye kutembea mu muji huu sisi wote tunaijua, haina haja ya mikroskopu.

Kuko pia woga wa kutolewa kizazi. «Bakitosha kizazi, niko mwanamuke gani tena?» Woga huo una sababu, kwa maana mwanamuke bila kizazi, kwa wakwe wengi, mahari yake inaanza kuongelewa upya. Hapa ndiyo, tunakubali, mila iko ndani. Lakini angalia namna woga huo unafanya kazi: anakimbia dawa ya dakika chache, yenye haigusi kizazi, kwa sababu anafikiri ni ile ingine ya kisu. Mutu mumoja angemueleza tofauti, angerudi.

Kwa ajili ya makanisa ya maombi na waganga wa mimea, tutapita haraka. Wenye kuombea wagonjwa waombee. Lakini muchungaji mwenye kumuambia mama atupe karatasi ya hospitali ili kuonyesha imani, huyo tunamuita muuaji, na hatutafuti neno lingine. Muganga wa mimea mwenye kuweka dawa ndani ya shingo ya kizazi yuko anachoma gizani.

Na sisi wenyewe wa mila? Mu chama chetu kuko wazee wenye kusema kama mwanamuke kulala mbele ya munganga ni matusi. Tunawauliza: bibi zenu walizaa mbele ya nani? Kuko pia mama wakubwa wenye kufundisha wasichana mbele ya ndoa, wenye bado wanagawa majani na unga wa kukausha sehemu za ndani ili kufurahisha bwana. Mambo hayo yanachubua ngozi na kufungulia magonjwa njia. Ni mila, ndiyo, na tunaomba ikufe. Tunaposema mila haina kosa lenye wanaipigia, hatusemi ni malaika.

Jambo lenye linatufundisha zaidi ni wale wanawake waliorudi. Wako. Mu likelemba moja ya wamama walimu na wauzaji, watu kumi na moja, wanne walionekana na alama nyeupe mu mwaka moja, na wote wanne walitunzwa. Hawakuwa na feza kuliko wengine. Wa kwanza alirudi kwa sababu dada yake alikuwa amekufa na ugonjwa huu, na aliona namna ya kufa kwake. Wa pili na wa tatu walirudi kwa sababu wa kwanza aliwaonyesha kama anatembea na anauza. Wa nne, zamu yake ya kupokea ilikuwa mbali. Wenzake waligeuza orodha, wakamupa mbele, na wawili wakalala kwake kumupikia watoto. Hakuna afisa aliyekuja. Hiyo pia ni mila, ya kusindikiza mwenye kufiwa na mwenye kuzaa, imesogezwa hatua moja tu.

Majirani zetu wa Zambia walielewa mapema. Kuanzia 2006, kule Lusaka, walianza kupima wanawake ndani ya vituo vya kawaida vya afya, wauguzi wanawake wakifanya kazi, na wanawake wa mitaa wenyewe wakieleza wenzao mbele ya kuingia. Muuguzi anapiga picha ya shingo ya kizazi na kuionyesha mama mwenyewe ku kioo, ili aone ile alama na macho yake. Na kama alama ni ya kugandisha, wanaigandisha siku ileile. Siku ileile! Ile Alhamisi yetu yenye kupoteza watu, wao wameiondoa. Mu 2007 wakafungua hospitali yao ya kansere yenye mashine ya mionzi, na wagonjwa wa Katanga wenye uwezo wanapita Kasumbalesa kwenda kutunzwa kule. Wasio na uwezo wanaangalia magari yakipita. Na Wabemba wa kule ndio Wabemba wa hapa, mila ni ileile, haya ni ileile, nachimbusa ni yuleyule. Kama mila ndiyo ingekuwa kizuizi, ingezuia pande zote mbili za mupaka.

Basi tunaomba vitu vya kweli. Hospitali zenye kupima zitunze siku ileile, ao zisipime. Neno «pozitifu» litoke ku karatasi hiyo. Waandike «kuko alama ya kutunzwa, siyo kansere», na tarehe, na bei yote, chini kabisa, bila mafumbo. Ku mulango akae mama mukubwa mwenye mutaa unamujua, mwenye anajua nani ni mukwe wa nani, ndiye aite majina, na maelezo yatolewe ndani, mulango umefungwa. Chama chetu, kwa upande wake, kiite wale mama wakubwa wenye kufundisha mabibi-arusi mu Katuba, Kenya na Ruashi, tukae nao na muuguzi mumoja mwanamuke, na waongeze mu mafundisho yao siki, ile dakika moja, na umri wa kuanza kupimwa: miaka 30, ao 25 kwa mwenye virusi vya SIDA. Na wazee wenye kuongea na bwana-arusi usiku wa mbele ya ndoa, wenye kumuambia mambo mengi juu ya nguvu zake, wamuambie pia juu ya zile wiki nne.